Siku tupu

Ijumaa ya tarehe 1 Novemba 2024, jioni, nilipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu na sahani ya kashata za nazi mkononi, nimeifunika kwa kitambaa. Nilikuwa nimeoga, nimevaa dera jipya, nimejifukiza udi. Nilikuwa nakwenda kumpa Ba mkono wa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu.

Ba ni jirani yetu hapa Upanga. Watoto wote wa jengo humwita hivyo, na sisi wakubwa tukafuata. Kwa Kigujarati ni mama, au bibi, kutegemea anayeita.

Mlango ukafunguliwa. Hakukuwa na taa hata moja. Vibakuli vya udongo vilivyopangwa kizingitini vilikuwa vimebaki masizi na utambi mweusi. Maua aliyoyachora sakafuni kwa unga wa rangi yalishakanyagwa. Ba mwenyewe alikuwa na gauni la kushindia, miwani imesogea kwenye ncha ya pua, anachambua dengu.

Akaitazama sahani, akanitazama mimi.

"Jana, mwanangu," akasema. "Diwali ilikuwa jana."

Alhamisi nililala kwa dada yangu Mbagala, sikuona taa wala kusikia fataki. Nikaomba radhi. Nikamwambia basi heri ya mwaka mpya, kwa kuwa najua mwaka wao huanza baada ya Diwali. Akatikisa kichwa tena.

"Mwaka mpya kesho."

"Na leo je, Ba?"

"Leo si kitu. Leo dhoko. Siku tupu."

Akachukua kashata moja, akaila palepale mlangoni, akanikaribisha ndani.

Neno lile nimekaa nalo wiki sita.

Wote wawili walisema kweli

Aliyeniambia kwamba Diwali ni Ijumaa ni mwenzangu kazini, kijana wa Pune, India. Jumatatu nikamfuata mezani kwake na malalamiko yangu. Akanionyesha picha: mama yake huko nyumbani, Ijumaa jioni, mbele ya sanamu ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa utajiri, taa zinawaka. Serikali ya jimbo lao la Maharashtra ilitoa mapumziko siku hiyohiyo. Serikali kuu ya India ilikuwa imepumzika Alhamisi.

Kwa hiyo Ba yuko sahihi, na mama wa Pune yuko sahihi, na mwezi ni mmoja.

Nakiri kwamba jambo hili lilinikera kuliko lilivyostahili. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekulia katika nyumba iliyowahi kula Idd mara mbili kwa mwaka mmoja, na tangu utotoni niliamini kuna dawa ya ugonjwa ule: hesabu. Watu waache kukodoa macho baharini, wapige hesabu, ugomvi uishe. Na kama kuna watu niliodhani wameinywa dawa hiyo karne nyingi, ni Wahindu. Wana panchanga, kitabu cha mwaka mzima chenye kila mwendo wa mwezi hadi dakika yake. Jicho la nini tena?

Sasa nawakuta na Diwali mbili.

Nikaanza kuuliza. Nikamuuliza kijana wa Pune, nikamuuliza mtoto wa Ba mwenye duka la vitambaa, nikakesha na simu. Kitu cha kwanza nilichopaswa kukiacha ni fikra kwamba tarehe ya mwezi ni siku.

Kwao haiko hivyo. Tarehe yao inaitwa tithi, na tithi hupimwa kwa nafasi iliyopo kati ya mwezi na jua. Chukua wakimbiaji wawili kwenye njia moja ya mviringo, mmoja ana mbio zaidi. Kila mwezi unapoliacha jua kwa nyuzi 12, tithi moja imekwisha na nyingine imeanza. Nyuzi 360 zikikamilika, tithi 30 zimepita na mwezi umelikuta jua tena. Mwezi haukimbii kwa kasi moja, kwani ukiwa karibu na dunia huongeza mwendo, ukiwa mbali huzembea. Ndiyo maana tithi moja inaweza kuchukua kama saa 20 na nyingine ikafika karibu saa 27. Inaweza kuanza saa nane usiku. Inaweza kuisha unapokunywa chai ya asubuhi.

Siku hupewa namba ya tithi iliyokutwa na jua likichomoza. Tithi fupi huweza kuzaliwa na kufa bila kuona mapambazuko, na namba yake ikarukwa. Ndefu ikiona mapambazuko mawili, namba hujirudia.

Nilipofika hapo nikacheka peke yangu gizani kwa furaha. Siku inayoanza jua likichomoza! Sisi tunaosema saa moja asubuhi wakati dunia nzima inasema saba, hatuhitaji kufundishwa hilo.

Kila sikukuu na saa yake

Lakini kumbe namba ya siku haitoshi.

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Kila sikukuu yao inaidai tithi katika saa maalumu. Mungu wao Rama alizaliwa adhuhuri, kwa hiyo Ram Navami inataka tithi ya tisa iwepo jua likiwa utosini. Mungu mwingine, Krishna, alizaliwa usiku wa manane, kwa hiyo Janmashtami inataka tithi ya nane iwepo usiku huo mkuu. Maha Shivaratri, usiku wa mungu Shiva, tithi ya 14 ya nusu ya giza, yaani mwezi unapopungua, nayo inataka usiku wa manane. Funga ya Ekadashi, tithi ya 11, inatazama macheo. Karva Chauth, ambayo wanawake wa India ya kaskazini huwafungia waume zao tithi ya nne baada ya mwezi mpevu, inataka mwezi wenyewe uchomoze. Mke hashiki tonge wala maji mpaka auone, na huutazama kupitia chekeche. Halafu tithi ya nne ya nusu ya mwanga, yaani mwezi unapokua, katika mwezi wa Bhadrapada, siku ya mungu Ganesh, ni marufuku kuutazama mwezi huohuo, usije ukasingiziwa wizi.

Diwali inataka machweo.

Tithi ya giza ambayo Ba anaiita amas iliingia Alhamisi ile kama saa 7 na dakika 22 mchana kwa saa za Dar es Salaam, ikatoka Ijumaa saa 9 na dakika 46 alasiri. Hapa kwetu jua lilipozama Ijumaa, amas ilishaondoka zaidi ya saa mbili nyuma. Machweo pekee iliyoyapata Dar ni ya Alhamisi. Ba hakuwa na la kujadili.

Pune wametutangulia saa mbili na nusu. Kwa saa zao amas ileile, dakika ileile, ilitoka Ijumaa saa 12 na dakika 16 jioni, jua likiwa limetoka kuzama. Iligusa machweo ya Alhamisi na ikagusa kidogo machweo ya Ijumaa. Hapo wanazuoni wao wakagawanyika. Wengine husema tithi ikigusa jioni mbili, shika ya pili. Wengine husema shika usiku ambao giza lilikaa lote, mwanzo hadi mwisho, maana Lakshmi anakaribishwa usiku.

Na siku tupu je?

Diwali inauliza machweo. Mwaka mpya wa Kigujarati unauliza macheo. Alhamisi machweo ilikuwa amas. Ijumaa macheo, bado amas. Tithi ya kwanza ya mwezi wa Kartak haikukutwa na macheo mpaka Jumamosi. Kati ya taa za Alhamisi na nguo mpya za Jumamosi ikabaki Ijumaa nzima isiyo na mwenyewe. Mwaka wa zamani umefungwa, daftari za hesabu za duka zimeshaombewa na kufunikwa, mwaka mpya haujafika.

Hawakuigombania. Waliipa jina, wakakaa wakichambua dengu.

Ami na bahari

Nilikuwa darasa la sita. Ami, mdogo wake baba, alikuwa mvuvi. Baba alifundisha chuoni, mtaa wa nyuma. Jioni ya tarehe 29 ya Ramadhani tulipanda juu ya paa kama kila mwaka. Mawingu yalikuwa mazito, hatukuona kitu. Ami akaja na redio kwapani: mwezi umeonekana kwingine, umetangazwa.

Baba akasema kwingine si hapa.

Ami akajibu jambo ambalo mimi mtoto niliona limemaliza maneno. Akasema bahari imeshasema. Mtu anayeishi kwa bamvua na maji mafu hahitaji kuuona mwezi ndipo ajue umezaliwa, maana maji hujaa na kupwa kwa hesabu yao, mawingu yasiyapunguzie kitu.

"Hatufungi kwa maji," baba akasema. "Tunafunga kwa jicho."

Kesho yake Ami akala Idd, baba akafunga thelathini. Nyumba mbili, ukuta mmoja. Upande ule pilau inanukia na watoto wana viatu vipya. Upande huu tumekaa na midomo mikavu, tunawasikia wanavyocheza. Keshokutwa ikawa zamu yetu, wao wakarudi kazini. Hawakuja kutupa mkono.

Miaka mingi baada ya hapo hatukula Idd sinia moja, hata miaka ambayo mwezi haukuwa na ubishi.

Ile siku ya katikati hatukuwahi kuipa jina. Kwetu iliitwa "siku ile", na aliyeitaja alinyamazishwa.

Nukta moja kwa nchi nzima

Kwa hiyo mimi nilikuwa mtu wa Ami. Niliamini hesabu. Bamvua ni hesabu, na amas ni bamvua kwa jina lingine. Kilichonitikisa mwezi ule wa Novemba ni kukuta kwamba hesabu ile niliyoitamani ilishafika mbali kuliko ninavyoweza kuifikisha mimi, na bado imesimama mbele ya swali la baba yangu.

Mwaka 1952 serikali ya India iliunda kamati ya kurekebisha kalenda, ikamweka mwanafizikia Meghnad Saha awe mwenyekiti. Walikuta nchini kalenda zipatazo 30. Kusini na Gujarat mwezi huishia gizani, kaskazini huishia mwezi mpevu. Matokeo yake usiku mmoja wa Diwali uko mwezi wa Ashvin kwa Ba na mwezi wa Kartik kwa mtu wa Delhi. Wengine walifuata vipimo vya vitabu vya kale, wengine vya wanaanga wa leo, na tithi zikatofautiana. Kamati ilitoa ripoti mwaka 1955, na kalenda ya taifa ikaanza kutumika tarehe 22 Machi 1957.

Walifanya jambo lililonigusa sana. Walichagua nukta moja kwenye ramani, longitudo ya nyuzi 82 na nusu mashariki, latitudo ya mji wa kale wa Ujjain, wakasema macheo na machweo ya hapo ndiyo yatakayohesabiwa kwa nchi nzima.

Nukta moja. Machweo mamoja kwa watu wote.

Nilipolisoma hilo nilimsikia Ami na redio yake kwapani, nikamsikia na baba: kwingine si hapa.

Hesabu inakwambia mwezi uko wapi, na inakwambia bila kosa. Haikwambii wewe uko wapi. Saha angeweza kukupa dakika ambayo amas inatoka, na kijana wa Pune, na Ba, na mimi tungeikubali dakika hiyo bila ubishi. Lakini jua la nani lizame? La mama yako ng'ambo, au la dirishani kwako? Hilo mtu huchagua, na akishachagua hulitetea kama kwamba amelikuta mbinguni.

Ba alichagua jua la dirishani. Nilimuuliza kwa nini, ikiwa wapo Wagujarati wengi wanaopigia simu nyumbani India ndipo wajue siku. Akafikiri kidogo.

"Taa nawasha hapa," akasema.

Mwezi usiotakiwa

Nitapita haraka hapa, ingawa Ba alipenda kulizungumza hili kuliko yote.

Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354 hivi, imepungukiwa na mwaka wa jua kwa siku 11. Sisi tunaiachia hiyo pengo. Ramadhani inazunguka, tunafunga masika, tunafunga kipupwe, na kuongeza mwezi tumekatazwa. Wazee wa pwani waliotaka kujua wakati wa kupanda na wa kusafiri walihesabu pembeni, kwa miongo ya siku kumikumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jua, na Makunduchi bado wanaoga mwaka kila Julai. Kalenda mbili, kila moja na kazi yake.

Wahindu waliziunganisha. Kila baada ya miezi kama 32 au 33 hutokea mwezi mwandamo ambao jua haliingii nyota mpya ndani yake. Mwezi huo hurudia jina la unaoufuata, na mwaka unakuwa na miezi 13. Ndiyo sababu Diwali haitoki Oktoba na Novemba. Mwaka 2023 mwezi wa Shravan ulikuwa miwili.

Ule wa ziada hauna sikukuu zake. Harusi hazifungwi, duka jipya halifunguliwi. Ba husimulia kwamba mwezi ule ulikwenda kwa mungu Vishnu ukilia kuwa hautakiwi na yeyote, naye akaupa jina lake mwenyewe, Purushottam. Sasa watu huutumia kwa sala na sadaka.

Akinisimulia hayo nilikuwa nawaza siku ile.

Simu ya Tanga

Mwisho wa Novemba nikampigia Ami. Ana miaka zaidi ya 70 sasa, bahari ameiacha, masikio yameanza kumsaliti. Shikamoo, marahaba, hali za watoto, mvua. Halafu nikamuuliza bila kuzunguka: mwaka ule, uliamini kweli kwamba ni Idd?

Kimya kirefu. Nilidhani hajanisikia.

"Nilikuwa na shaka," akasema. "Bamvua halikwambii kama mwezi umeonekana. Nalijua hilo tangu mtoto. Lakini nilishasema mbele ya watu."

Kisha akanipa jambo ambalo sikuwa nalo. Mchana ule, mkewe alipakua pilau sufuria zima, akaipitisha mlango wa uani kwa mama yangu. Baba alikuwa amefunga. Mama akaifunika kawa, akaiweka jikoni, hakusema neno. Jioni baba alifuturu tende na maji, akaswali, akakaa mkekani. Akauliza kuna nini.

"Unajuaje kama aliila, Ami?"

"Sufuria lilirudi tupu. Limeoshwa. Na ndani ametia ndizi mbivu."

Baba amefariki miaka 11 iliyopita. Nilikaa na simu mkononi hata baada ya Ami kukata.

Kwa hiyo walikuwa nayo, siku tupu yao. Ilipita mlango wa uani, kwenye sufuria, na sisi watoto hatukuambiwa.

Kumi na moja

Safari hii nilihesabu kwanza. Jumatano ya tarehe 11 Desemba ilikuwa tithi ya 11 ya nusu ya mwanga, na macheo ya Dar es Salaam yaliikuta. Ekadashi. Ba hagusi nafaka wala dengu siku hiyo, lakini viazi, karanga na muhogo anakula. Nilichemsha muhogo, nikautia karanga za kusaga, ndimu na ile chumvi ya mawe waliyoniuzia Kisutu, bila kitunguu, bila thomu.

Akafungua mlango, akanusa.

"Mogo!" akasema. Ndivyo wanavyouita, kwa muda mrefu nikidhani ni neno lao, kumbe ni letu wamelipunguza mwendo.

Tukapanda naye darini, zinapoanikwa nguo, maana umeme ulikuwa umekatika na ndani joto. Mwezi ulikuwa umeshapanda upande wa bahari, haujawa duara, umebakiza kipande. Akala taratibu.

"Kwenu leo mwezi ngapi?" akaniuliza.

Nikahesabu kwa vidole. Mwezi uliandama Jumatatu ya wiki iliyopita, hatukuuona kabla ya hapo, mwembamba kama kucha. "Tisa," nikamwambia. "Mfungo Tisa, mwezi tisa."

"Kwetu kumi na moja."

"Nyinyi mnahesabu tangu ulipokutana na jua. Sisi tangu tulipouona."

Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei. Adhana ya magharibi ikaanza, kwanza msikiti wa karibu, kisha wa mbali, na nikakumbuka kwamba siku yetu huanza hapo, jua likizama, na yake mpaka kesho lichomoze.

"Sasa ni kumi, Ba."

Akautazama mwezi, kisha akanitazama mimi, muhogo bado mkononi.

"Njoo," akasema, "mmebakiza moja."